Apatimenti "dakika 3 kutoka kituo cha Mwendokasi": tulitoka Mbeya tukaenda kupima kwa miguu yetu

Naandika kwa ajili ya watu wa huku kwetu maana wale mawakala wa kuuza apatimenti za Dar bado wanazunguka, nimesikia wakitoka Mbeya wanaelekea Njombe na Iringa. Mimi nauza viazi Uyole, niko kwenye kikoba cha akina mama 12, na mwaka huu tulikubaliana kwamba hela isigawanywe yote bali tutafute kitu cha kununua kwa pamoja. Ndo wakatokea hawa. Walikodi ukumbi kwenye hoteli moja hapa mjini, chai na sambusa, wakawasha projekta wakatuonyesha jengo la ghorofa 18 wanalotaka kujenga Dar, Magomeni, jirani na Morogoro Road. Jina la kampuni silitaji, jengo lenyewe halijaanza na sitaki kumharibia mtu kazi, ila nilichokiona nitakisema chote.

Nianze na yule dada aliyetuhudumia, yuko vizuri sana jamani. Hakutuharakisha hata kidogo, na kuna mama mmoja mtu mzima kwenye kikundi chetu alikuwa haelewi inakuwaje mtu ananunua nyumba iliyoko juu angani halafu anapata hati, dada akakaa naye akamweleza taratibu mpaka akaelewa. Na alichosema ni kweli kabisa, kuna sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, kila mwenye apatimenti anapewa hati ya sehemu yake, halafu ngazi, lifti, paa na uwanja vinakuwa vya wote kila mtu na fungu lake, na wamiliki wanakuwa na chama cha kusimamia jengo. Mimi nilikuwa sijui hilo, nimelijulia pale.

Vyumba viwili ni milioni 135, unaanza na asilimia 30, nyingine unalipa kidogo kidogo wakati wanajenga. Lakini kilichotuvuta sio bei, ni ile sentensi kwenye brosha, dakika 3 kutoka kituo cha Mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka ya Dar. Maana sisi wafanyabiashara tunaelewa kituo ni nini, pale stendi ya Nane Nane fremu inayotazama stendi haikai wazi. Na Magomeni ni mahali pazuri kweli, ile njia iliyoanza 2016 ya kutoka Kimara inapita hapo kwenda Kivukoni na Gerezani, na hapo hapo Magomeni ndo inapochepuka kwenda Morocco, kwa hiyo mpangaji asiye na gari anafika karibu kila mahali. Tukasema huyu mpangaji yupo, hatutamtafuta.

Kikoba kikachanga nauli, mimi na mwenzangu tukapanda basi la usiku. Asubuhi tumefika tukaenda moja kwa moja saiti kabla hata ya kwenda ofisini kwao. Tulikuta mabati upande mmoja, kontena na mlinzi, na nyumba mbili za zamani bado zimesimama na watu wanaishi ndani, kuna mama alikuwa anafua nguo. Tukamsalimia, tukamuuliza kama anajua hapa panajengwa ghorofa akasema anasikia tu, mwenye nyumba hajamwambia lolote kuhusu kuhama. Hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu sisi huku tunaonyeshwa picha ya bwawa la kuogelea na yeye hajui mwezi ujao atalala wapi.

Halafu tukatembea. Nilishika simu kuangalia muda, tukaanzia getini tukaenda mpaka pale unapokatia tiketi. Dakika 11. Sio kwamba walidanganya umbali, kituo ukisimama saitini unakiona kabisa, shida ni kwamba vituo vya Mwendokasi viko katikati ya barabara, huwezi kuvuka popote unapotaka, unafuata mpaka kwenye pundamilia, unasubiri taa, unavuka magari, na kwa kituo hiki mlango wa kuingilia uko upande wa mbali kwa hiyo unarudi tena nyuma. Jioni saa 12 watu wamejaa tukarudia, dakika 14. Na kale kanjia kutoka getini mpaka lami hakana mtaro wala taa, mvua ikinyesha ni tope. Mtu aliyepima zile dakika 3 alipima kwenye ramani, hakupima na mtoto mgongoni au na mfuko wa sokoni.

Kitu kingine ambacho brosha haisemi ni Jangwani. Ukitoka Magomeni kwenda mjini unashuka bonde la Msimbazi, na mvua kubwa zikija maji yanapita juu ya barabara na mabasi yanasimamishwa, hili kila mtu wa Dar analijua. Daraja jipya la hapo Jangwani likikamilika hali itakuwa tofauti, ila mpangaji lazima alijue hilo mapema.

Ofisini kwao tulipokelewa vizuri lakini tulipoanza kuuliza karatasi ndo mambo yakawa mazito. Tuliuliza hati ya kiwanja ni ya miaka mingapi, 33, 66 au 99, na imebaki mingapi, iko kwa jina la nani, imewekwa rehani benki au la. Wakasema hati ipo kwa mwanasheria. Kibali cha ujenzi? Kiko kwenye mchakato. Mkandarasi? Bado hawajasaini naye. Sasa kama hakuna kibali hata hizo ghorofa 18 ni matarajio tu, inaweza kuja kuwa 12, na apatimenti yako ya ghorofa ya 15 itakuwa wapi? Lile jengo lililoanguka katikati ya Dar Machi 2013 liliua watu 36, mimi siwezi kuuliza kibali halafu nikaona aibu kuuliza mara ya pili. Na hela ya kushikia nafasi, milioni 3, hairudi. Hapo ndo nilipofunga pochi.

Sevisi chaji, yaani mchango wa wenye apatimenti wa kuendesha jengo, nayo wanasema itapangwa jengo likiisha. Hapana kwa kweli. Lifti, pampu ya maji, jenereta, walinzi, hivyo vyote vinakula kila mwezi mpangaji awepo asiwepo, na kuna ndugu yangu anakaa ghorofa ya 7 sehemu nyingine, lifti yao ilikaa mbovu wiki mbili kwa sababu wenye nyumba nusu hawakuchanga, alikuwa anapandisha ndoo za maji mwenyewe.

Wazo la kujenga juu karibu na kituo mimi nalipenda, na hata huku kwetu barabara ya njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi ikikamilika natamani tuone majengo ya hivi pembeni yake. Nawapa nyota 3 kati ya 5, mbili ni za yule dada na moja ni ya mahali palipo.

Tumewaandikia barua tunataka nakala ya hati, kibali, mkataba wa mkandarasi na makadirio ya sevisi chaji, na tumewaomba hela ya kushikia nafasi iwe inarudi kama kibali kikikataliwa. Dada amepiga simu mara mbili kusema wanafuatilia. Hela ya kikoba bado iko benki.