Sukari: tone la damu au kijiti cha mkojo?

Mgonjwa wa kisukari wa Tabora asiye na hela nyingi huwaza njia mbili za kujipima nyumbani. Kijiti cha mkojo ni rahisi: unachovya, unalinganisha rangi, basi. Ila figo huanza kupitisha sukari kwenye mkojo sukari ya damu inapofika kama milimoli 10 kwa lita. Kwa hiyo mwenye 8 ataonekana mzima, na aliyeshuka chini ya 4, anayetetemeka na kutokwa jasho, kijiti hakimwoni kabisa.

Mashine ya kutoboa kidole husoma umeme. Kijiti chake kimepakwa kimeng'enya, protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia, kinachong'oa elektroni (chembe zinazobeba umeme) kwenye glukosi, yaani sukari ya damu. Sukari ikizidi, mkondo nao unazidi. Wazo la kupima sukari kwa kimeng'enya na umeme lilitolewa na wanasayansi Clark na Lyons mwaka 1962. Sekunde 5 hivi, namba hii hapa. Lakini vijiti hivyo havipendi joto la Oktoba wala kopo lililoachwa wazi, na aliyetoka kukamua asali au kumenya embe bila kunawa atapata namba ya kumtia kiwewe. Mwenye upungufu wa damu naye huweza kusomeka juu kuliko alivyo.

Mimi ningebana matumizi kwingine, ninunue vya damu.