Tahadhari Mji Mkongwe: ukisikia "tutaelewana", simama hapo hapo

Hii ni kwa mnaopanga likizo Unguja na mnataka kuutembea Mji Mkongwe kwa miguu. Mji ni wa kutembelewa, msiogope. Wa kuangaliwa ni papasi, vijana wa mitaani wanaojifanya waongozaji wa wageni, na zaidi ule mtindo wao wa "matembezi ya bure". Jina hilo hawakujipa wenyewe. Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe, akishaganda habanduki mpaka ashibe.

Mchezo huanzia nje ya geti la bandari ya Malindi au pale bustani ya Forodhani. Mgeni wa Ulaya ataambiwa kijana anafanya mazoezi ya Kiingereza tu. Wewe unayejua Kiswahili usijione umesalimika, kwako wanabadilisha maneno: "Karibu nyumbani dada, sisi kwa sisi, hela haina neno, tutaelewana." Neno hilo la mwisho ndilo ndoana. Kabla hujajibu, begi lako limeshakuwa mkononi mwake. Ukimtajia hoteli yako atakwambia imejaa, imefungwa, au maji yamekatika tangu jana, kisha atakupeleka kwingine anakolipwa kwa kila kichwa anachokileta. Usitaje jina la hoteli. Piga simu hotelini mwenyewe, kwa namba uliyoipata kwao na si anayokupa yeye.

Ukikubali kutembezwa, utaonyeshwa vitu ambavyo havihitaji mtu. Ngome Kongwe unaingia uani bila kulipa. Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likaingia kwenye matengenezo makubwa. Anayekwambia ana njia ya kukuingiza kwa mlango wa nyuma anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Pale Mkunazini, penye kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kiingilio kinalipwa dirishani na unapewa risiti, na waongozaji wa pale pale wapo. Usimpe pesa mtu wa njiani "akakukatie". Kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja: atakutoza cha mgeni, atalipa cha raia, chenji anaijua yeye. Tembea na kitambulisho cha NIDA. Nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa Unguja, nayo ina maajabu yake, kila papasi ana mlango wake wa kukuonyesha.

Katikati ya ziara utaingizwa duka la viungo, la picha za tingatinga, na la vinyago. Kamisheni yake inakaa juu ya bei yako. Rudi peke yako kesho yake uulize bei ya picha ile ile, utaona tofauti. Halafu, baada ya saa moja na nusu, ndani kabisa ya vichochoro vya Sokomuhogo ambako hujui pa kutokea, anasimama na kutaja bei ya "bure" yake. Mara nyingi wenzake wawili wanatokea hapo kumuunga mkono. Anachouza saa ile ni njia ya kutoka.

Na njia ya kutoka huna haja ya kuinunua. Mji umekaa kwenye rasi: upande mmoja bahari, upande wa pili barabara ya Benjamin Mkapa, ile ya Darajani. Shika uelekeo mmoja usiubadilishe, na ndani ya dakika kumi au kumi na tano utatokea kwenye maji au kwenye daladala. Ramani ya simu itakuchanganya, kwa sababu kuta ndefu na njia nyembamba zinavuruga mawimbi ya setilaiti na kile kidoti kinaruka kutoka kichochoro hiki hadi kile. Tumia minara. Kanisa la Minara Miwili mara nyingi linaonekana ukipanda baraza ya ghorofani. Ukipotea kabisa, muulize mwenye duka aliyeketi dukani kwake, au wazee wanaokunywa kahawa barazani. Anayekufuata kutoka nyuma kujibu swali ambalo hukumuuliza, mwache.

Mwongozaji halali yupo, na anayejua kazi yake anastahili kulipwa vizuri. Ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar chenye picha na tarehe ya kuisha. Kishike mkononi ukisome, maana kuna wanaovaa kilichokufa zamani au cha ndugu yao. Kisha mwandikie ujumbe wa simu kabla hamjapiga hatua: "Bei ni kadhaa kwa kundi zima, watu wanne, masaa mawili, viingilio juu yetu, maduka hatuingii." Akijibu "sawa" umemaliza. Akijibu "tutaelewana", tafuta mwingine.

Jioni ni Forodhani. Urojo, mishikaki, pizza ya Zanzibar na juisi ya miwa hazina shida, vinatengenezwa mbele ya macho yako. Shida iko kwenye meza za samaki na kamba. Muuzaji anakupa sahani, anaisifia kila kijiti huku anakipakia mwenyewe: pweza, ngisi, kamba kochi, "onja tu bosi". Bei haitajwi. Vinakwenda jikoni kupashwa, vinarudi vimekatwakatwa, sasa havihesabiki, na ndipo jumla inapotajwa. Mkatize kabla ya kijiti cha kwanza: hiki bei gani, kimoja? Weka mwenyewe, hesabu kwa sauti, mlipe kabla havijaenda motoni. Vijiti hivyo vingi vimeshapikwa mapema na vinapashwa tena na tena. Pweza mkavu wa kingo kama mpira si wa leo.

Zafarani ndiyo inayowaumiza zaidi wanaotafuta zawadi Darajani. Wataapa ni ya shamba la Kizimbani. Zafarani haioti Unguja, inataka baridi. Wanachokuuzia mara nyingi ni manjano ya unga, au petali kavu za ua lingine zilizotiwa rangi. Omba kikombe cha maji ya vuguvugu, dondosha nyuzi mbili. Ya kweli inatoa rangi ya dhahabu taratibu, dakika kumi na zaidi, na uzi unabaki mwekundu. Ikimwaga wekundu papo hapo na uzi ukapauka, mrudishie. Karafuu ibonye kwa ukucha: nzuri inatoa mafuta, na ukiitia majini inazama au inasimama wima. Inayolala juu ya maji imeshakamuliwa. Nunua kidogo cha jikoni tu. Biashara ya karafuu Zanzibar iko chini ya shirika la serikali, ZSTC, na anayekuhimiza ubebe gunia anakutia kwenye magendo. Gamba la kasa usiguse, hilo ni kosa la jinai.

Boti ya kisiwa cha Changuu au fungu la mchanga la Nakupenda: kubaliana na nahodha mwenyewe, si na anayekuita ufukweni. Bei iwe ya boti nzima, kwenda na kurudi, na muda wa kusubiri utajwe. Vinginevyo mkiwa katikati ya maji itageuka kuwa "kwa kichwa". Kiingilio cha kisiwa cha Changuu kiko mbali na nauli. Hesabu majaketi ya kuokolea kabla ya kupanda, lipa nusu, nusu nyingine mkirudi nchi kavu. Nakupenda inaonekana maji yakipwa tu, bahari ikijaa fungu linafunikwa, na wapo wanaouza safari saa ambayo hakuna pa kukanyaga. Uliza kupwa ni saa ngapi siku hiyo, na usilinganishe na jana, kwani husogea karibu dakika hamsini kila siku. Wakati wa kusi nenda asubuhi, mchana bahari huchafuka.

Tiketi za boti za Dar nunua dirishani kwa kampuni yenyewe. Vishoka wanauza zenye jina la mtu mwingine, na getini jina linalinganishwa na kitambulisho. Ukilipa kwa simu, popote pale, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa la mtu binafsi wakati uliambiwa ni kampuni au hoteli, futa muamala hapo hapo. Mpokeaji akishaitoa pesa, kuirudisha ni kazi.

Ukizingirwa, ingia duka lolote lenye watu na piga 112. Kupeleka malalamiko Kamisheni ya Utalii unahitaji namba ya kitambulisho cha mhusika, kwa hiyo ipige picha mapema, pale mnapopatana.