Need for Speed: Most Wanted (2005): iundwe upya, ila polisi wake wasiguswe

Kama kuna gemu moja ya magari ya enzi ya PlayStation 2 inayostahili kusukwa upya, ni hii ya studio ya EA Black Box iliyotoka Novemba 2005. Hadithi yake ni nyepesi: unaingia mji wa Rockport na BMW M3 GTR, mpinzani wako Razor anakuhujumu, gari linavuja oili katikati ya mbio na unanyang'anywa. Kuanzia hapo unapanda orodha ya wapinzani 15 mpaka umfikie.

Uhondo wenyewe ni polisi. Kila gari lina kiwango chake cha msako. Kikiwa chini unakimbizwa na magari ya doria. Kikipanda, barabara inazibwa, misumari inatandazwa, na magari mazito yanakuja uso kwa uso kukuponda. Kiwango cha 5 kinaleta Corvette, na hizo huziachi kwa mbio tu. Angalia pembetatu nyekundu kwenye ramani ndogo: ni vitu vya kuangusha, kama paa la kituo cha mafuta au lile donati kubwa la tangazo. Ukipita mapema mno umelipoteza bure, kwa hiyo subiri polisi wakugande nyuma ndipo uligonge.

Kubadili rangi au bodi kunashusha kiwango cha msako, ndiyo maana mchezaji mzoefu huweka gari la pili gereji. Ukikamatwa, gari linawekewa alama na unalipa faini. Nafasi za alama zikijaa, gari limekwenda moja kwa moja. Adhabu hiyo ndiyo inayofanya viganja vitoe jasho, na watengenezaji wa leo wasithubutu kuilainisha.

Ukimshinda mpinzani wa orodha unachagua zawadi 2 kati ya 6. Hati ya gari lake imefichwa kwenye zile zenye alama ya kuuliza, basi tumia chaguo zote mbili huko.

Kasoro zipo. Wapinzani wanavutwa na programu: unawaacha mbali, kona mbili tu wako mgongoni. Hilo lifutwe. Rangi ya njano iliyofunika kila kitu ipunguzwe (isiondolewe yote, bila hiyo Rockport si Rockport).

Kwenye kompyuta, gemu haijui skrini pana, hivyo picha inavutwa na magari yanaonekana bapa. Dawa ni kiraka cha Widescreen Fix cha ThirteenAG. Kwanza hakikisha speed.exe (faili la kuanzisha gemu) ni ya toleo 1.3, kisha nakili dinput8.dll na folda ya scripts ndani ya folda ya gemu, palepale ilipo speed.exe. Kikigoma, mara nyingi ni toleo la zamani au faili zimewekwa folda ya ndani zaidi. Kabla ya kufuta au kuhamisha chochote, nakili folda ya NFS Most Wanted iliyo kwenye Documents. Maendeleo yako yote yamo humo.

Gemu ya 2012 ya studio ya Criterion, nayo ikiitwa Most Wanted, ilichukua jina tu. Magari unayaokota yakiwa yameegeshwa mitaani, wapinzani wamebaki 10, na kupamba gari karibu hakuna. Gari usilolihangaikia, hata likikamatwa, lina uchungu gani?