Nyama iliyolala motoni, bia iliyolala tangini: jioni yangu Tanga

Tulifika Jumamosi saa kumi na moja jioni, mimi na baba mdogo, jua likiwa bado kali upande wa bandari. Habari za baa hii nilizisikia Dar tangu mwaka jana: nyumba ya zamani iliyokarabatiwa ikarudishwa miaka ya sitini, bia wanapika wenyewe uani, na nyama hawaichomi juu ya makaa bali wanaiivisha kwa moshi usiku kucha. Jina lake sitaliandika hapa, maana kuna glasi moja iliyoniudhi, na wenyewe waliipokea lawama yangu kiungwana. Mtu aliyekiri kosa lake sioni haki nimtangaze.

Baba mdogo ni mstaafu wa reli. Pombe aliiacha zamani kwa ajili ya presha. Nilipomwambia tunakwenda baa alivaa shati jeupe, akaniuliza jambo moja tu: "Viti vyake vina migongo?"

Vina. Ni vile vya chuma vilivyosukwa kwa nyuzi za plastiki, kijani na njano, tulivyokuwa tukiviona barazani kila tukipita barabara za Ngamiani. Sakafu ni sementi nyekundu iliyopakwa nta ikasuguliwa hadi inaonyesha kivuli cha mtu. Kuna kabati la vioo, simu ya kuzungusha kwa kidole, na baiskeli nyeusi ya Phoenix imetundikwa ukutani na kengele yake. Nimeingia baa kadhaa Dar zinazojiita za kizamani, ukiangalia ni chemli mbili za mapambo zilizonunuliwa juzi. Hapa vitu vinafanya kazi. Redio ya mbao ukizungusha kifundo inashika stesheni. Feni za dari zinazunguka taratibu na upepo unafika mezani. Visahani vya kuwekea glasi vimesukwa kwa mkonge, na katika joto la Tanga, ambapo glasi ya baridi inatoka jasho kabla hujaishika, mkonge unalinyonya lile jasho lote na meza inabaki kavu. Mji huu umekula mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ile mwaka 1893, ikafika hai 62 tu. Nilifurahi kuuona umepewa kazi hata mezani.

Ila kilichonishika zaidi ni santuri. Pembeni ya kaunta kuna rafu ya santuri na mashine ya kuzipigia, na utaratibu wao ni kwamba mgeni anachagua moja, anaisikiliza upande mmoja, kisha anampisha mwingine. Baba mdogo alisimama bila kuambiwa. Alizipekua kwa kidole kimoja, polepole, akatoa moja ya Jamhuri Jazz, akaipuliza vumbi, akamkabidhi binti wa kaunta kwa mikono miwili.

Kwa wasiojua, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa bendi za mji huu huu, na miaka ya 1960 na 1970 ushindani wao uliugawa mji. Kwenye taarabu nako kulikuwa na Black Star na Lucky Star, na Shakila binti Saidi aliimba kote kuwili. Haya niliyajua kwa kusoma. Baba mdogo alikuwepo. Magitaa yalipoanza, yakiwa na ule mkwaruzo wa sindano, aliweka vidole viwili mezani akawa anafuata besi, macho yako kwenye baiskeli ya ukutani.

"Hawa wanapiga huku, Atomic wanapiga kule," akasema, "na sisi tunatembea kwa miguu kati ya ukumbi na ukumbi hadi alfajiri. Mimi Jamhuri. Baba yako alikuwa Atomic, hasikii la mtu."

Marehemu baba alifariki nikiwa darasa la sita. Sikuwahi kujua kwamba alipenda dansi. Niseme kweli, hata bia isingekuwepo, kwa sentensi ile ningelipa kiingilio.

Bia ipo, na ndiyo iliyonileta, kwa hiyo niielezee vizuri. Wanakuletea ubao wenye glasi nne ndogo kwa shilingi 12,000, unaonja zote kabla hujaamua ya kunywa. Ukimwambia mhudumu unapenda kujua inavyotengenezwa, na kama hakuna wateja wengi, fundi wa bia anakuja mwenyewe kukupeleka uani. Sisi alitupeleka. Ni kijana wa makamo, mikono imejaa alama za kuungua. Alimwamkia baba mdogo, "Shikamoo mzee wangu," akaitikiwa marahaba, akafungua mfuko wa kimea akatutilia viganjani tutafune. Kimea ni shayiri iliyoloweshwa ikaanza kuota kisha ikakaushwa. Tafuna punje kumi utasikia utamu kama wa biskuti. Mama zetu wanaopika mbege wanaifanya kazi hiyo hiyo kwa ulezi, kwa hiyo hapa hakuna uchawi wa kigeni.

Shayiri inalimwa hapa nchini, maeneo ya Kilimanjaro, Arusha na Manyara. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hutoka nje, kwa sababu mmea wake unataka siku ndefu sana za kiangazi ndipo utoe maua vizuri, na sisi huku karibu na ikweta mchana wetu una urefu wa kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Maji ni ya bomba la mjini, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na wao wanayachuja kwanza. Bia zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni maji, kwa hiyo hilo nalo si dogo.

Nilimuuliza kwa nini hana bia nyepesi ya baridi kama tulizozoea dukani. Akanionyesha kipimajoto kwenye tangi. Bia za kundi la eli hamira yake inafanya kazi kwenye nyuzi kama 18 hadi 22, na zinakuwa tayari baada ya wiki mbili au tatu. Laga, yaani ile nyepesi ya dukani, inataka ubaridi wa nyuzi kama 10, kisha ilale wiki nyingine kadhaa karibu na sifuri. Kwa joto la Tanga na bili ya umeme, tangi moja la laga linakula umeme wa kupoza matangi mawili ya eli. Basi wanapika eli, na wanasema hivyo hivyo bila kuficha. Nilimheshimu kwa hilo.

Ya kwanza kwenye ubao ilikuwa ya rangi ya shaba, uchungu wa wastani, harufu ya maganda ya chungwa iliyotoka kwenye hopsi zenyewe. Nzuri, hasa pamoja na nyama. Ya pili ilikuwa na tangawizi na mimi sikuielewa sana. Ya tatu ni nyeusi tii, imetengenezwa kwa shayiri iliyokaangwa, na hii ndiyo niliyoirudia. Inaletwa na kipande cha kashata ya nazi. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa: kahawa chungu ya kijiweni na kashata tumekua navyo. Povu lake ni zito, la rangi ya maziwa ya chai, ukinywa linabaki ukingoni mwa glasi. Uchungu wa kuungua unakuja mwishoni, kashata inaupokea. Nilikunywa glasi mbili kubwa, 8,000 kila moja.

Ya nne ndiyo ile. Bia ya ngano iliyotiwa maganda ya machungwa ya Muheza na mbegu za giligilani, wazo zuri kuliko yote kwenye orodha, na niliisubiri hadi mwisho kwa hamu. Nilipoonja nikapata ladha ya siagi. Siagi kabisa, kama bisi za sinema, na ulimi ukawa unateleza. Machungwa hayasikiki. Nikamwita fundi, akaonja, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii tuliitoa tangini mapema, kaka. Sikukuu ilikuwa imekaribia, bia zimeisha, tukaona tuisukume." Akaeleza kwamba hamira ikifanya kazi hutoa kitu chenye ladha ya siagi, na ukiiachia siku chache zaidi inakila chenyewe na bia inatakata. Ukiharakisha kuipoza, hamira inalala na siagi inabaki. Akaifuta kwenye ubao wa chaki mbele yetu na ile glasi hakuitoza. Lakini bia ilikuwa imeuzwa tangu Alhamisi, na wangapi waliinywa wakadhani ndivyo bia ya mafundi ilivyo? Hilo liliniuma. Mtu anayekuja mara ya kwanza na kukutana na siagi harudi tena.

Jikoni, hawakuharakisha kitu. Kidari cha ng'ombe kinaingia kwenye tanuru la chuma saa mbili usiku, kinatoka kesho yake asubuhi. Mpishi anafuata mtindo wa Texas, Marekani: chumvi na pilipili manga iliyopondwa bila kulainika, basi, hakuna mchuzi wa kupakwa. Kuni anazotumia ni za michungwa mizee inayokatwa mashambani Muheza. Moto uko upande mmoja, nyama upande mwingine, inapita moshi na joto la nyuzi kama 110 tu. Kidari ni kifua, nyama anayoitumia ng'ombe kutembea kutwa, imejaa nyuzi ngumu. Ukiichoma kwa moto mkali kama mshikaki utatafuna hadi kesho. Kwa moto mdogo wa saa nyingi zile nyuzi zinayeyuka zinakuwa mchuzi mzito ndani ya nyama yenyewe. Na kwa kuwa ng'ombe wetu hana mafuta mengi, ikifika katikati anaivingirisha kwenye majani ya mgomba isikauke.

Aliikata mbele yetu. Nje nyeusi kama mkaa, kisu kikapita bila kusukumwa, na chini ya ule weusi kukatokea utepe wa waridi, mnene kama penseli. Baba mdogo akaisogeza sahani.

"Mwanangu, hii haijaiva."

Mpishi hakucheka wala hakukasirika. Alichukua kipande kwa vidole viwili akakining'iniza, kikakatika kwa uzito wake. "Ni moshi, baba. Hewa ya kuni inashikana na wekundu wa nyama, inauzuia usigeuke kahawia. Imekaa motoni zaidi ya saa kumi." Baba mdogo akala kipande, akala cha pili, kisha akaniagizia mimi ndizi za kuchoma ili abaki na kidari.

Wanakileta na kachumbari, muhogo wa kuchoma na mchuzi wa ukwaju wenye pilipili mbuzi. Ule mchuzi ni wa kwetu na unaifaa nyama ya moshi kuliko hizo sosi tamu za chupa. Mbavu zilikuwa nzuri pia, ingawa chumvi ilizidi. Kuku sikuona sababu ya kumwagiza tena. Anaiva vizuri, lakini kuku wa kuchoma Tanga unampata popote, na mwenye nazi juu.

Nguruwe hawapiki kabisa, na wenyewe wanasema nyama inachinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Wametoboa dirisha linalotazama barabarani, asiyetaka kukaa penye pombe anaagiza pale, anafungiwa, anakwenda zake. Saa moja baada ya magharibi foleni ya dirishani ilikuwa ndefu kuliko ya ndani, akina mama na vyombo vyao. Hilo ni jambo la adabu katika mji kama huu na ningependa baa nyingine ziige. Baba mdogo alikunywa tangawizi wanayoichachua wenyewe bila kilevi, kali hadi inapanda puani, akaomba ya pili.

Lawama nyingine ni ya bili. Kidari kinauzwa kwa uzito, na hakuna aliyetupimia mbele yetu wala kututajia bei kabla. Tulilipa 31,000 kwa nyama peke yake. Haikuwa ghali kwa tulichokula, lakini mizani iwekwe kaunta, mteja aone. Nenda pia mapema, kwa sababu saa mbili usiku kidari huwa kimekwisha na hawana cha akiba, kinachofuata ni cha kesho. Mbu wapo uani. Na usiende na gari kama utakunywa. Ile nyeusi ina kilevi asilimia 6 na haionyeshi. Bajaji hadi Ngamiani tulilipa 3,000.

Nyota nne. Ya tano nimemwekea fundi hadi nionje ngano mpya, aliyoniambia ameshaiweka tangini na safari hii haitoki kabla ya wiki tatu.

Tulipokuwa tunashuka kwenye bajaji baba mdogo aliniambia nyumbani kuna santuri ya Atomic aliyoachiwa na baba, iko chini ya kitanda, imefungwa kwenye gazeti. Hana mashine ya kuipigia tangu ile ya zamani ilipoharibika. Asubuhi nilimpigia simu yule binti wa kaunta kumuuliza kama mgeni anaruhusiwa kuja na yake. Akasema mleteni mzee.