Skonzi za bekari ya Mwanga: sema "za kuchana"

Fika kwenye dirisha la bekari hii ndogo jirani na soko la Mwanga, Kigoma, useme "nipe skonzi", utarudishiwa swali: "Zipi?" Zipo tatu. Kuna za duara, tamu, zilizookwa zikiwa zimebanana kwenye trei hadi zinachanwa moja moja kwa mkono. Kuna ndefu za urefu wa kiganja, karibu hazina sukari. Halafu kuna pana za kupasua katikati na kutia yai, ambazo vijana wanaziita bani. Muuzaji zote kwake ni skonzi, ndiyo maana watu wengi hufika nyumbani na mfuko wasioutaka.

Wateja nao wana majina yao. Aliyeshuka boti Kibirizi kutoka Kongo husema "mukate" akimaanisha ile ndefu, Mrundi husema "umukate", na mgeni wa Unguja ataulizia boflo. Mkongomani akiomba "mikate" muulize tena, maana kwao huweza kuwa vitonge vya unga vya kukaanga, jamaa ya kaimati. Neno skonzi lenyewe tumelichukua kwa Waingereza, ambao skoni yao hata hamira haina. Huinuliwa na bekingi pauda na haisubiri kuumuka. Wala wao kwa wao hawajaelewana: kimkate cha duara Coventry ni batch, Nottingham ni cob, Manchester ni barm.

Kwa ladha, za duara ndizo za kufuata. Ukichana, ndani huvutika kama pamba kabla ya kukatika. Hiyo ni kazi ya kukanda, wala si ya sukari. Anayetaka kuzijaribu nyumbani achukue unga kilo 1, sukari gramu 100, siagi gramu 80, chumvi gramu 12, hamira kavu gramu 10, na maziwa yaliyochanganywa na maji mililita 550. Akigawa madonge ya gramu 60 atapata 29 hivi. Asiongeze sukari kwa tamaa: ikizidi, hamira inazubaa, na juu kunaungua wakati ndani bado kubichi.

Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo inayoisumbua bekari yenyewe, hasa kwenye mzigo wa jioni. Tanuri la kuni likiwa limepamba moto kupita kiasi, skonzi hutoka na kichwa cha kahawia kinachovutia macho, ilhali katikati kunanata kwenye meno. Usidanganywe na rangi. Bonyeza ubavuni kwa kidole: pakirudi imeiva, pakibaki shimo waachie. Ikiwa inanukia pombe na uso umekunjamana, donge liliachwa liumuke kupita muda wake, jambo rahisi kutokea mchana wa joto la huku.

Lawama nyingine ni ufungaji. Wanazitia kwenye nailoni zikiwa bado za moto ili ziwahi madukani. Mvuke unakosa pa kutokea, matone yanashika ndani ya mfuko, ganda linalowa, na baada ya siku mbili tatu ukungu umeshaingia. Ukiona mfuko una jasho, ufungue ukifika tu, zitandaze kwenye kitambaa safi zipoe kabisa, ndipo uzifunge upya.

Ndefu ni za wastani. Juu hupakwa mafuta zikiwa moto, kwa hiyo ganda halikauki. Anayependa mkate unaolia kinywani asizinunue. Kwenye mchuzi wa maharage, hata hivyo, zinanyonya bila kumeguka, na hapo zinazishinda nyingine zote. Pana ni kavu mno, labda uzipashe na siagi.

Nenda asubuhi. Dirishani usiseme skonzi, sema "za kuchana, zilizopoa". Hapo hakuna swali la pili.