Behringer XR18 kwa timu ya sifa: thamani yake iko kwenye monita

XR18 ni miksa ya kidijitali, lakini haina sura ya miksa. Ni kisanduku cheusi cha kuweka jukwaani, kimejaa matundu ya waya, bila kitelezi hata kimoja cha kusukuma kwa kidole. Kazi yote hufanyika kwenye kishikwambi, simu au kompyuta. Makanisa mengi huinunua ili kuachana na ule waya mnene unaotambaa kutoka jukwaani hadi kwa fundi mitambo nyuma ya ukumbi. Sababu hiyo inatosha, lakini iliyo kubwa zaidi ni matoleo sita ya Aux, yaani michanganyiko sita tofauti kwa monita, spika au vifaa vya masikioni ambavyo walio jukwaani hujisikilizia. Ibada nyingi huharibikia sauti hapo hapo: mwimbaji hajisikii, anaomba aongezewe, mpiga gitaa naye anapandisha amplifaya, mpiga ngoma anakaza mkono. Likifika pambio la tatu, jukwaa peke yake limeujaza ukumbi na fundi hana tena cha kuchanganya.

Tuanze na nafasi. Kuna chaneli 16 zenye priampu (kikuza sauti dhaifu ya maiki), pamoja na jozi ya 17/18 inayopokea sauti ya kiwango cha kinanda au kompyuta. Chaneli 1 na 2 zinapokea gitaa moja kwa moja bila kisanduku cha DI (kinacholinganisha ishara ya gitaa na miksa), kwa hiyo ipe besi ya 1 na gitaa la akustika ya 2. Ngoma kubwa na snea zikae 3 na 4, maiki mbili za juu ya matoazi 5 na 6, solo gitaa 7, kinanda cha pili 8. Waimbaji sita wanachukua 9 hadi 14, mhubiri 15, matangazo 16, na kinanda kikuu chenye kushoto na kulia kinakwenda 17/18. Zimekwisha. Bendi yenye tarumbeta, au kwaya inayohitaji maiki zake, itabana mahali, na wa kwanza kubanwa awe mpiga ngoma. Katika ukumbi mdogo maiki za matoazi hazina kazi kwenye spika kuu hata kidogo.

Upungufu unaojulikana wa mashine hii ni waifai yake ya ndani. Inatumia masafa ya 2.4 GHz pekee, na hapo ndipo simu za waumini wote zinapogombania. Siku ya mazoezi, ukumbi ukiwa mtupu, kila kitu kinatii. Siku ya ibada, watu wakishajaa na simu zao mifukoni, kishikwambi kinaanza kukatika. Sauti haizimiki, kwa sababu mtambo unaendelea na mpangilio wa mwisho uliopokea, ila fundi anabaki mtazamaji wakati spika inapiga mluzi. Hesabu ruta ya nje yenye 5 GHz kuwa sehemu ya bei ya XR18, si nyongeza ya hiari. Iunganishe kwa waya wa mtandao, sogeza swichi ya mbele kwenye alama ya Ethernet, weka ruta juu palipo wazi badala ya kuificha chini ya jukwaa, na uipe nywila ambayo vijana wa kanisa hawaijui. Kisha unganisha kompyuta moja kwenye ruta hiyo kwa waya, ikiwa na programu ya X AIR Edit, isubiri siku kishikwambi kitakapoishiwa chaji katikati ya maombi.

Tahadhari moja: tundu la Ultranet linafanana kabisa na tundu la mtandao. Ukichomeka waya wa ruta hapo hakuna kitakachofanya kazi, na nusu saa ya maandalizi itapotea mkitafuta tatizo kwenye nywila. Ultranet ni ya kupeleka chaneli 16 kwenye vimiksa binafsi vya P16-M, ambapo kila mwanamuziki anajipangia masikio yake mwenyewe. Kwa bendi yenye watu zaidi ya sita wanaotaka kusikia tofauti, njia hiyo ni bora kuliko kugombania Aux.

Sasa monita zenyewe. Kosa la kwanza la mafundi wapya ni kuacha sauti inayokwenda Aux ichukuliwe baada ya kitelezi cha chaneli, kile cha kwenye kishikwambi kinachopanga sauti ya ukumbini. Matokeo yake, fundi akimshusha mwimbaji kidogo ukumbini, mwimbaji naye anatoweka kwenye spika yake, anadhani maiki imekufa, anaanza kupayuka. Weka kila chaneli ichukuliwe kabla ya kitelezi kwa Aux zote za monita. Kosa la pili ni kugusa geini, yaani kiwango cha kukuza sauti inapoingia kwenye miksa, wakati ibada inaendelea. Geini ni moja kwa ukumbi na kwa monita zote. Ukiipandisha kwa desibeli 6 ili mhubiri asikike, umeipandisha kwa desibeli 6 kwenye kila spika ya jukwaani pia, na mluzi utafuata. Panga geini kwenye mazoezi, mwimbaji akiimba kwa nguvu yake halisi, mita ikicheza karibu na -18 na vilele visivuke -6. Baada ya hapo isiguswe.

Programu ya simu ya X AIR Q inamwezesha kila mmoja kupanga Aux yake mwenyewe. Inafaa kwa wenye monita za masikioni. Kwa spika za sakafuni iache kwa fundi, kwa sababu hakuna mwimbaji anayejishusha.

Kila Aux ina ikwalaiza (kirekebisha masafa ya sauti) ya bendi 31, na hapo ndipo mluzi unapotibiwa. Ukumbi ukiwa mtupu, pandisha monita taratibu mpaka ianze kulia, tazama kwenye chati ya masafa ni wapi panaruka, punguza hapo desibeli 3 hadi 6, kisha rudia. Mara tatu au nne zinatosha. Ukijikuta umekata bendi kumi, kosa haliko kwenye masafa, liko kwenye mahali spika ilipowekwa. Maiki ya kadiodi, inayosikia mbele na kuziba nyuma, inataka spika iwe nyuma yake kabisa. Ya supakadiodi ina usikivu kidogo mgongoni, kwa hiyo spika ikae pembeni kidogo, kama nyuzi 120 kutoka mdomoni pa maiki. Na mwimbaji anayefumbata kichwa cha maiki kwa kiganja hawezi kusaidiwa na ikwalaiza yoyote.

Aux hizo sita ni za sauti moja moja. Monita za masikioni zikitaka kushoto na kulia, sita zinageuka tatu. Kanisa linalorusha ibada mtandaoni hubanwa zaidi. Ukirusha mchanganyiko uleule wa spika kuu, watazamaji watasikia waimbaji juu sana na ngoma kwa mbali, kwa sababu ukumbini ngoma zinajisikika zenyewe na fundi hakuziongeza. Mrusho unahitaji mchanganyiko wake, yaani Aux 5 na 6, na monita zinabaki nne. Kama mnarusha kila wiki na bendi ni kubwa, nendeni moja kwa moja kwenye miksa kubwa ya Behringer, X32, yenye njia 16 za michanganyiko. XR18 itawachosha.

Priampu hazina kelele za kulalamikia kwa matumizi ya ibada. Kompresa, ya kubana sauti inapozidi, ni nzuri. Geti, ya kuzima sauti ndogo, iache kwenye ngoma; ukiiweka kwa mwongozaji wa kuabudu itameza maneno anayoyanong'ona kati ya wimbo na wimbo. Kata masafa yaliyo chini ya Hz 100 hadi 120 kwa sauti zote za waimbaji. Mwangwi upo wa aina nyingi kwenye mashine nne za ndani, lakini ukumbi wenye kuta za saruji tayari una mwangwi wake wa bure, basi tumia sekunde 1.5 au chini. Wimbo wa mapigo 72 kwa dakika unataka mrudio (sauti inayojirudia baada ya muda) wa milisekunde 833. Gawa 60,000 kwa mapigo na utapata namba ya wimbo wowote. Weka mwangwi wote kwenye kundi moja la kuzima, ili mhubiri anapoanza uondoke kwa mguso mmoja. Mahubiri yenye mwangwi wa pambio yanachosha masikio ndani ya dakika chache.

Mipangilio 64 inaweza kuhifadhiwa ndani. Ila kabla ya kuita ule wa “Mahubiri”, ondoa geini na Aux kwenye vitu vinavyorudishwa, la sivyo monita zote zitarudi zilivyokuwa siku ulipouhifadhi. Uchanganyaji wa kiotomatiki, ambapo mashine yenyewe humpandisha anayezungumza, unafaa kwa maiki kadhaa za mazungumzo au ushuhuda. Usiuweke kwa waimbaji, utawapandisha na kuwashusha kana kwamba wanapokezana.

Wanaotumia sauti zilizorekodiwa na mdundo wa kuhesabia wajue kwamba chaneli inapokea ama waya ama USB, si vyote kwa pamoja. Utatoa sadaka chaneli mbili au tatu. Mdundo uuondoe kwenye spika kuu na uupeleke Aux ya mpiga ngoma peke yake, kisha ujaribu kabla watu hawajaingia.

USB hiyo hiyo inarekodi njia 18 kwa wakati mmoja. Kwa 48 kHz na biti 24, saa moja inakula takriban GB 9.3, hivyo andaa diski ya nje. Ukiwa na rekodi ya ibada nzima, geuza chaneli zisome kutoka USB, na fundi mpya atafanya mazoezi katikati ya wiki na bendi kamili iliyopo kwenye diski. Geini hatazizoea kwa njia hii, kwa kuwa rekodi imeshapita kwenye priampu. Hizo atajifunza bendi ikiwa jukwaani.