Ugali wa mtama wa buku mbili Majengo, chips nimeziweka pembeni

Tangu nihamie Dodoma kikazi mchana wangu ulikuwa chips mayai na soda, buku tatu na ushee imeondoka halafu saa kumi tumbo linanguruma tena, mpaka boda mmoja akanipeleka kwa mama ntilie mmoja nyuma ya soko la Majengo. Kibanda hakina jina wala kibao, mabenchi mawili na turubai, ukifika sema "mbukwenyi", salamu ya Wagogo wa huku, utaona wazee wanavyokusogezea nafasi.

Msosi wenyewe: ugali wa mtama, mlenda wa karanga na kunde, buku mbili. Ukitaka dagaa unaongeza jero, na mtindi glasi ni buku. Siku ya kwanza ule ugali niliuangalia hivi hivi, mwekundu kama udongo wa huku huku, nikajua nimepigwa. Aisee. Nilikula saa sita na nusu, sikukumbuka chakula tena mpaka usiku, maana mtama anasaga na pumba zake zote haukobolewi, sasa wewe fananisha na sembe nyeupe.

Mlenda ndo fundi kabisa. Anatumia yale majani makavu yaliyopondwa, wenyeji wanayakausha wakati wa mvua ili kiangazi wasikose mboga (na kiangazi cha huku unakijua, mvua ikikata mwezi wa nne au wa tano mpaka Desemba ndo uione tena), anaweka nyanya na karanga za kusaga, magadi anatia kidogo sana. Nimefurahi hapo kwa sababu magadi mengi yanaua vitamini za mboga, kwetu tulikuwa tunayamwaga tu ili uteleze.

Halafu kuna juisi ya ubuyu, jero. Nilimuuliza mbona hauchemshi kama wengine akanijibu "mwanangu, ubuyu unalowekwa tu, ukiuchemsha unabaki na ukali." Na kweli vitamini C moto unaipunguza, na hiyo ndo inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye mtama na kunde. Wife alipokuwa mjamzito nesi alimkataza chai ya rangi pamoja na chakula kwa sababu inazuia hayo hayo madini, mimi nikajifanya sijasikia, sasa hivi nashushia ubuyu.

Sema sasa hiyo juisi ina sukari balaa!! Unaagiza kitu cha afya unakunywa sharubati ya harusi. Mwambie mapema akutolee ile ambayo hajatia sukari, anayo kwenye ndoo ya bluu, ukichelewa kusema imekula kwako. Maji ya kunawa yapo ila sabuni siku nyingine ipo siku nyingine haipo, mi natembea na kipande changu. Na mlenda mara mbili nimetafuna mchanga, nilivyomwambia akacheka akaniongezea kunde.

Dagaa achana nao kama ni Jumatatu, naona ni wa Jumamosi wamepashwa.

Nyota nampa nne. Wahi kabla ya saa saba, watu wa sokoni wakishaanza kuja na mahotpot yao mlenda unaisha unaambiwa kumebaki wali maharage, na wali wake kiukweli wa kawaida sana.